Pete ya Chunya na Sabuni ya Weupe

Uporoto, Jumamosi jioni

Mwanangu Tulinagwe,

Umekwenda kwa bibi yako kuaga, na ninavyomjua mama mkwe wangu hatakuachilia mpaka umalize sahani ya viazi na yeye amalize habari za ukoo mzima. Baba yako yuko uani anahangaika na kitasa alichokibandua kwenye sanduku lako la bati. Anagonga tangu mchana, na kila anapogonga kinazidi kupinda. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nimekaa dirishani ambako bado kuna mwanga, na karatasi nimezichana kwenye daftari lako la zamani la jiografia. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne la misheni, unaujua. Usiusahihishe kwa wino mwekundu, bado hujawa mwalimu.

Habari za sweta, za blanketi, za kuchemsha maji na za kutulia chuoni, baba yako ameshazisema wiki nzima na bibi yako anazirudia sasa hivi. Mimi nazipita. Umezaliwa kwenye baridi ya Uporoto, ya Iringa haitakushangaza. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la kopo.

Leo nilipokuwa nakunja nguo zako niliiona kanga yangu ya kijani, ile niliyoitafuta tangu Pasaka, imesokotwa chini kabisa ya sanduku, chini ya viatu. Nikasema leo mwizi nimemkamata. Nikaivuta, likatoka kopo la krimu lenye picha ya mwanamke anayecheka kwenye kifuniko. Halijafunguliwa. Nilikaa kitandani kwako nimelishika, nyundo ya baba yako inalia nje, na mimi najiuliza: nimgombeze huyu mtoto, au nilitupe kopo chooni, au ninyamaze kama nilivyonyamaza miaka yote hii?

Nimefikiria kukugombeza, nikaona hakuna faida. Unawakumbuka wale vijana wa chama waliokuwa wakipita na ngoma, wakikemea sketi fupi na mafuta ya kujichubua? Ulikuwa unawakimbilia barabarani. Mimi niliwaona jirani zangu wakizika makopo yao ndani ya unga. Ngoma ziliposhuka bondeni, waliyafukua wakapaka mara mbili ya kawaida, kama watu wanaolipiza kisasi. Sikumwona hata mmoja aliyeacha kwa sababu ya kukemewa. Kwa hiyo kopo nimelirudisha mahali pake. Na kanga nimekuachia.

Ninachotaka kukupa ni habari ya uso wangu.

Wewe umekua ukiambiwa kwamba uso wa mama uliharibiwa na pareto. Umewaambia wenzako shuleni. Mwaka ule mwalimu wenu alipowapeleka kuchuma maua kwenye shamba la shule, ulilia mpaka ukarudishwa nyumbani, ukasema pareto itakula uso wako kama ulivyoliwa wa mama yako. Na kile kidoa chako chini ya sikio la kushoto, ambacho unakiziba kwa kilemba, unakiita doa la pareto. Tuli, pareto haikutufanya lolote. Si mimi, si wewe. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kisha ukasirike kwa nafasi yako.

Mambo yalianza kwa picha. Baba yako alikuwa amepata ukarani wa chama cha ushirika cha pareto, na kwa furaha akatupeleka Mbeya mjini kupiga picha, yeye, mimi na wewe mgongoni. Mpiga picha alitukalisha mbele ya pazia lenye maua, akatuambia tusipumue. Picha ilipokuja, baba yako alikuwa anang'aa kwa shati lake jeupe. Wewe ulikuwa unang'aa kwa kofia yako ya sufu. Mimi kilionekana kilemba, gauni, na meno. Uso haukuwepo.

Baba yako alicheka mpaka akafuta machozi. "Mama Tuli," akasema, "mbona mwenzetu ulibaki nyumbani ukatuma nguo?" Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa picha ile, na kila mgeni aliulizwa mama yuko wapi, na mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote. Kisha wageni wakiondoka nabaki na picha yangu mkononi, natafuta pua yangu.

Hakuna aliyenitukana, mwanangu. Nataka ulijue hilo. Watu wanafikiri mwanamke hufanya haya kwa sababu ya mume mwenye maneno makali. Baba yako hajawahi kunisema rangi yangu, tangu siku ile alipokuja kwetu Chunya kuniposa akiwa amevaa soksi zisizofanana. Ni picha tu, na kicheko, na mimi mwenyewe. Leo najua kwamba ilikuwa kamera ya yule bwana au taa zake. Wakati ule nilijua jambo moja, kwamba mimi ni mweusi kupita kiasi na hata mashine imekataa kuniona.

Ndipo akaja Sekela. Wewe humkumbuki. Alikuwa shoga yangu, mumewe akiendesha lori la mafuta kwenda Zambia, wakati ule malori yalipoanza kupita kwa wingi mpaka barabara ikawa vumbi tupu. Sekela alikuwa mweusi kuliko mimi, tukaachana miezi kadhaa, aliporudi kunitembelea alikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilimzunguka mara mbili kabla sijamsalimia.

"Gwe, wewe, acha kunishangaa," akaniambia. "Si dawa, ni sabuni tu. Unaosha uso jioni, povu huliondoi, unaliacha likauke, unalala nalo. Asubuhi unaosha."

"Haiumi?"

"Inawasha kidogo. Kuwasha ndiyo kufanya kazi."

Aliniachia vipande viwili vilivyofungwa karatasi nzuri. Nikafanya alivyosema.

Sasa sikiliza, sitaki kukudanganya kwa upande wa pili. Ilifanya kazi. Kabla ya msimu wa mvua kwisha nilikuwa na uso mwingine. Jumapili niliyovaa gauni la bluu, wanawake kanisani walisogea wakanipa nafasi benchi la mbele, na mke wa mzee wa kanisa, ambaye hakuwahi kunijua jina, aliniita "mama" akanishika mkono. Muuza duka alinipimia kanga kwanza, wengine wakisubiri. Nilimlazimisha baba yako turudi Mbeya tukapige picha nyingine, na kwenye hiyo picha, Tuli, mimi nipo. Pua ipo, macho yapo, na shavu linang'aa. Ninayo mpaka leo chini ya kasha langu na nikiitoa bado naipenda. Mtu akikuambia kwamba haina utamu wowote, mwambie mama yangu amesema ilikuwa tamu. Ndiyo maana ni ngumu.

Kitu cha kwanza kugeuka kilikuwa pete.

Unajua babu yako wa Chunya alichimba dhahabu maisha yake yote na hakutajirika hata siku moja. Kitu pekee cha dhahabu yake mwenyewe alichobakiza ni pete yangu ya ndoa, aliyompelekea sonara Mbeya akaifua. Alipokuwa anachimba alikuwa na kichupa kidogo cha zebaki, ile wanayotumia kukamatia chembe za dhahabu kwenye mchanga. Nilipokuwa mtoto nilimwomba anionyeshe. Alikuwa anaimwaga kwenye sahani ya bati, inajiviringisha, inagawanyika, inarudi inaungana, na sisi watoto tunapiga kelele za furaha. Lakini nikinyoosha kidole tu, nachapwa. Baba yangu hakuwa mpigaji. Kwa kitu hicho kimoja alichapa. Alisema ameona wanaume wenye nguvu zao wakishindwa kushika kijiko kwa sababu yake.

Basi pete yangu ikaanza kupauka. Mwanzoni upande wa ndani, kisha yote, ikawa na rangi ya sufuria. Nikaisugua kwa majivu, nikaisugua kwa ndimu, wapi. Bibi yako akaiona siku tukimenya viazi. Aliinua mkono wangu akautazama, akauachia.

"Kumbe Chunya wanachimba bati," akasema.

Hilo neno liliniuma kuliko yote. Lilisambaa kwa mashemeji, likawa mzaha wa nyumba: mkwe aliyetuletea bati. Uso nao ulikuwa umeanza. Ulikuwa unawaka ninapotoka juani, na unajua jua la huku juu, baridi inakudanganya kumbe linachoma. Kwa moto wa jikoni ndiyo usiseme, nilikuwa napika nimegeuza shingo. Vipele vikatoka, ngozi ikawa nyembamba inachanika kwa kujikuna.

Ulikuwa msimu wa pareto. Nilikuwa naenda kuchuma na wenzangu, na wanawake walipouona uso wangu kwenye banda la kukaushia wakasema mara moja, aa, pareto hiyo, kuna ngozi haikubaliani nayo. Na ni kweli, wapo watu pareto inawawasha, wewe mwenyewe unawajua. Uongo ulikuwa pale umeshapikwa na kupakuliwa, mimi nikaketi nikala. Nikasema ndiyo, ni pareto. Jioni nikaenda kuosha uso kwa sabuni ileile.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu ni nzito.

Krismasi ilipokaribia ulikuwa na umri wa kuanza kuimba na watoto mbele ya kanisa. Nilikushonea gauni la njano. Nilikuvalisha kulijaribu, nikakusimamisha mlangoni kwenye mwanga, nikakutazama. Nikaona uso wangu wa ile picha ya kwanza. Ulikuwa unacheka, umeng'oka meno mawili ya mbele, na mimi mama yako nilichoona ni kwamba hata wewe kamera haitakuona.

Nikakuosha na ile sabuni. Nikaacha povu likauke. Jioni ya kwanza ulicheka kwa sababu linakaza mashavu. Jioni ya pili uliniita mama kwa lugha ya nyumbani, "Juba, inauma." Nikakuambia vumilia utakuwa mzuri. Nilikuambia hivyo, Tuli. Ya tatu ulilia, na asubuhi shavu lote la kushoto lilikuwa limebabuka mpaka chini ya sikio, jicho limevimba halifunguki.

Baba yako alirudi kutoka ofisini akakukuta hivyo. "Nini hiki?" Na mimi, ambaye uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, nikasema pareto. Nikasema ulinifuata shambani ukachezea maua.

Alivua viatu vya ofisini, akachukua jembe, akaenda shambani na suruali yake ya ukarani. Aling'oa pareto yote. Jua lilizama akiwa bado anang'oa, na kesho yake akaendelea, mpaka hapakubaki mche. Shamba lile lilikuwa ndilo linalotusomesha, linalotuvisha, linalotutibu. Na yeye karani wa ushirika wa pareto! Wenzake walimcheka mpaka mwisho wa utumishi wake, karani ambaye kwake hakuna ua hata moja. Alipanda viazi, akawa anajibu watu kwamba anapenda viazi.

Wewe ulipona. Mafuta ya mgando na maziwa ya ng'ombe, na wiki za kukubeba. Kikabaki kidoa kimoja.

Unafikiri niliacha? Nilikuacha wewe. Mimi niliendelea. Nilikuwa naogopa kuacha, kwa sababu nikiruka siku mbili madoa yanatokea, meusi kuliko nilivyokuwa mwanzo, nami natakiwa kuonekana kwa watu. Mikono ilianza kutetemeka. Nikimimina chai inamwagika kwenye sahani. Fizi zikawa zinauma. Nikasema ni mawazo ya nyumba. Kilichonitoa hapa kunipeleka Chunya haikuwa afya, ilikuwa hasira ya lile neno la bati. Nilikwenda kumgombeza baba yangu kwa kumpa binti yake pete ya uongo.

Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba, ameshaacha uchimbaji, anachonga mpini. Sikungoja hata kusalimiana vizuri. Nilivua pete nikamwekea kwenye kiganja.

"Tata, umeniaibisha ukweni," nikasema. "Tazama dhahabu yako."

Aliitazama. Akaigeuza. Kisha akaacha kuitazama pete, akanitazama mimi: uso kwanza, halafu mikono. Nilikuwa nimeificha kwenye kanga. Akasema nitoe. Nikaitoa ikawa inacheza yenyewe mbele yake.

"Mumeo anachimba?" akaniuliza.

"Mume wangu ni karani, tata, unamjua."

"Basi zebaki unaishika wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia sijaiona zebaki tangu kile kichupa chake. Hakucheka. Alipuliza mkaa kwenye jiko, akaniambia nisimame mbali, upande upepo unakotoka, naye akajifunga kitambaa puani. Akaishika pete kwa koleo akaiweka kwenye moto. Alipoitoa ilikuwa imefifia, haina sura, akaacha ipoe, akaisugua kwa majivu na kipande cha gunia, na pale mbele ya macho yangu pete ikarudi njano. Njano ileile ya siku ya ndoa yangu.

"Dhahabu yangu haina neno," akasema. "Ilikuwa imefunikwa na zebaki, moto umeifukuza. Sasa niambie unajipaka nini."

Nilikuwa na kipande cha sabuni kwenye kikapu, sikuweza kulala bila hicho. Nikakitoa. Alikinusa, akakigeuza, hakujua kusoma maandishi ya kigeni, wala mimi. Hakuhitaji kusoma. Alikaa chini kwenye kigoda akaanza kulia, mzee yule, bila sauti, machozi yanaingia kwenye ndevu.

"Nilikuchapa usiiguse kwa kidole," akasema. "Wewe umeenda kuilaza usoni."

Nikamwambia na ya mtoto. Sikupanga kumwambia, ilitoka. Alinirudishia pete, akakitumbukiza kile kipande ndani ya shimo la zamani alilochimba ujana wake, tukakisikia kikigonga chini.

Niliporudi nyumbani nilimweka baba yako chini nikamweleza. Nilitegemea atapigwa na butwaa. Akawa anachezea kofia yake.

"Ya kwako najua, Mama Tuli," akasema. "Sabuni ile ina harufu. Nalala na wewe, siyo ukuta."

"Ulijua? Na ukaniacha niseme pareto?"

"Ulikuwa umeshasema mbele ya mama yangu na mbele ya watu. Ningesimama niseme mke wangu mwongo? Nikangoja uniambie mwenyewe."

"Na shamba ukaling'oa kwa ajili gani?"

"Kwa ajili ya mtoto. Wewe nilijua ni sabuni. Mtoto nilijua ni pareto."

Nikamwambia mtoto pia ilikuwa sabuni. Hapo ndipo nilipomwona baba yako akizeeka. Alinyanyuka, akatoka nje, akaenda kusimama katikati ya viazi vyake. Alisimama pale muda mrefu, na mimi nimesimama mlangoni, sina mguu wa kumfuata. Aliporudi aliuliza kama kuna chakula. Tangu siku ile hajanitajia tena, hata tulipogombana, hata mwaka ule ambao hapakuwa na ada yako na wenye pareto walikuwa wanavuna. Na hajakuambia wewe. Aliniachia mimi nikuambie, na mimi nimengoja mpaka sanduku linafungwa. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya uso. Yeye alingoja niseme, mimi nikangoja usiulize, na katikati yetu wewe ukakua ukiogopa ua lisilo na kosa.

Mikono ilitulia polepole. Rangi yangu ilirudi, ila ilirudi bila mpango: hapa nyeusi, pale ya bluu kama jeraha la zamani, chini ya macho kama masizi. Nikajifunza kufunga kanga. Unanijua na kanga iliyoshuka mpaka kwenye nyusi na kupandishwa mpaka kwenye pua, unafikiri mama yako anasikia baridi sana. Wewe mwenyewe sidhani kama umewahi kuuona uso wangu wote kwenye jua.

Sekela hakuacha. Nilimwambia habari ya pete, akasema baba yangu ni mchimbaji si daktari. Baadaye miguu yake ilivimba, kisha uso, na hospitali walisema figo. Tulimzika kabla hujaanza darasa la tano. Sijui kama ni sabuni. Hakuna aliyeniambia, na sitaki kukutisha kwa jambo nisilolijua. Najua tu kwamba siku ya kumuaga ndugu zake walimpaka poda usoni kwa wingi, nami nikapita haraka.

Umeniuliza swali bila kuniuliza, kwa kulificha kopo lile: je, si ina thamani yake? Kupewa nafasi mbele, kuonekana kwenye picha, kushikwa mkono? Nimekaa na swali hilo miaka mingi. Nikiweka upande mmoja ile Jumapili ya gauni la bluu, ambayo kweli ilikuwa nzuri, upande wa pili lazima niweke sauti yako ikisema "Juba, inauma", na jibu langu. Ningeirudisha Jumapili ile na zote zilizofuata nipate nafasi ya kukujibu tena.

Kopo lako sijui lina nini. Labda ni kitu kingine kabisa, siku hizi vimekuwa vingi, na ninasikia vingine havina zebaki lakini baada ya miaka vinaweka madoa yaleyale. Sijui nani alikupa wala sikuulizi. Nina hofu moja: kwamba umelinunua kwa ajili ya kile kidoa. Kwamba unataka kwenda kwenye maisha mapya bila doa, na doa hilo nimekuwekea mimi. Kama ni hivyo, Tuli, nisamehe. Naandika neno hili na nalimaanisha, nisamehe mwanangu. Kidoa kile si cha aibu yako.

Pete nimeivua, nitaifunga pamoja na kopo na barua hii ndani ya kanga. Kama unataka kujipaka, ivae kwanza. Ikipauka utajua. Lakini isipopauka usidhani umesalimika, maana pete inajua jambo moja tu, zebaki, na mengine haiyajui. Kwa hayo mengine itabidi unitazame mimi.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Kesho asubuhi tutashuka na sanduku mpaka njia panda ya Uyole, na baba yako, na bibi yako ambaye hatakubali kubaki, na nusu ya watu wa kanisa. Tutasimama kwenye jua kungoja basi la Iringa. Nitatoka hapa nyumbani bila kanga usoni. Naandika leo huku naogopa. Baba yako sijamwambia, nadhani ataangusha sanduku.

Utakaposoma haya utakuwa umeshafika, na hayo yatakuwa yamepita. Kama nilishindwa, kama ulinipungia mkono ukaona macho tu kama siku zote, basi barua hii itie motoni na kopo lifungue, maana mama anayeogopa kuonyesha uso wake hana la kukuambia kuhusu wako. Lakini kama uliinama dirishani na kuuona, wote, na madoa yake yote, na watu wote pale stendi wakiutazama, basi umeshauona mwisho wa barua yangu. Ulikuwa ndio huo.

Kanga ya kijani kaa nayo, Iringa kuna vumbi. Mimi sina tena kazi nayo.

Basi, baba yako amenyamaza na nyundo. Ama kitasa kimekubali ama amekivunja.

Ni mimi mama yako, ambaye hata picha ilipomkosa, wewe mgongoni kwake ulimjua.